Ngoja Maji Yaje: Kuanza Kupiga Picha za Wanyamapori Ukiwa Mombasa

Ukimwambia mtu hapa Mombasa kwamba unapiga picha za wanyamapori, kwanza atakuuliza unakwenda Tsavo lini. Mimi mwenyewe nilianza na wazo hilo. Niliweka akiba miezi kadhaa, nikaenda kwa siku moja, nikarudi na picha zaidi ya 300 za madoa ya kahawia kwenye nyasi. Wanyama niliwaona vizuri. Kuwapiga picha ndiko sikukujua, na siku moja ndani ya gari la watu wanane haitoshi mtu kujifunza.

Nilikuja kujifunzia kwenye mkono wa bahari wa Tudor, kwa nauli ya matatu, nikiwapiga picha ndege ambao wengi wetu tunapita karibu nao kila siku bila kuwatazama. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kamera moja ya kawaida, au asiye nayo bado, anayekaa popote kati ya Likoni na Mtwapa na ana asubuhi moja ya wiki aliyo huru.

Hatua ya 1: Tafuta mahali kabla ya kutafuta kamera

Jipe wiki mbili bila kamera. Chagua mahali pamoja panapofikika kwa miguu au kwa matatu moja: ukingo wa mikoko Mishomoroni au Mikindani, ufuo wa Nyali asubuhi mapema, shamba la minazi, uwanja wenye mibuyu. Nenda mara nne au tano kwa saa tofauti, ukiwa na daftari. Andika saa, andika maji yalikuwa yanajaa au yanapwa, jua lilikuwa upande gani, na kila mnyama uliyemwona alikuwa akifanya nini.

Utashangaa mambo yanavyojirudia. Mdiria ana kijiti chake anachotua kila baada ya kuvua. Kenge hutoka kuota jua penye jiwe lilelile. Yangeyange wakirudi kulala jioni hupita njia moja ya anga, kundi kwa kundi. Ukishajua hayo, unafika mapema na kukaa, mnyama anakukuta. Ukimfuata wewe, picha zako nyingi zitakuwa za mgongo wake.

Usibadilishe mahali kila wiki. Kwa anayeanza, ziara kumi za mahali pamoja zinafundisha zaidi kuliko mahali kumi kwa ziara moja moja, kwa sababu unaporudi unajua ulichokosea wiki iliyopita na unaweza kukirekebisha palepale.

Hatua ya 2: Kamera na lenzi

Simu inatosha kwa mjusi, kinyonga, konokono na kaa, ukisogea taratibu. Kwa ndege aliye mita 30 haitoshi. Ukikuza picha utapata ukungu wa rangi tu. Hapo unahitaji lenzi ya angalau milimita 250 au 300; namba ikiwa kubwa, lenzi inavuta mbali zaidi.

Njia za gharama nafuu ni mbili. Moja ni kamera yenye zumu ndefu ambayo lenzi yake haitoki. Ni nyepesi, na kwa kuwa lenzi haibadilishwi, chumvi inapata mwanya mdogo wa kuingia ndani. Ya pili ni kamera ya DSLR, yaani ya kubadilishwa lenzi, iliyotumika, Canon au Nikon, pamoja na lenzi ya 55-250 au 70-300. Kamera hizi za bei ya chini zina sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ndogo kuliko ile ya ukubwa kamili, kwa hiyo lenzi ya milimita 300 inaona kwa ufinyu wa lenzi ya 450 ikiwa kwenye Nikon na 480 ikiwa kwenye Canon. Kwa wapenda ndege hiyo ni faida. Pesa ikiwa kidogo, itie kwenye lenzi kwanza. Kamera ya miaka kumi iliyopita bado inapiga picha nzuri ikipewa lenzi safi.

Hapa Mombasa kuna adui ambaye mnunuzi wa Nairobi hamwogopi sana: kuvu. Lenzi yangu ya kwanza niliinunua katika duka moja la vitu vilivyotumika mjini. Nje ilikuwa inang'aa, na muuzaji aliipangusa mbele yangu. Kwa miezi miwili picha zangu zilitoka zimefifia, nikadhani ni mikono yangu inayotetemeka. Siku moja umeme ulipokatika nikaimulika kwa tochi ya simu, nikaona ndani ya kioo nyuzi nyeupe zilizotawanyika kama mizizi. Pesa yangu haikurudi.

Kwa hiyo ukienda kununua, beba tochi. Ondoa vifuniko vyote viwili, mulika upande wa nyuma, tazama upande wa mbele huku ukiinamisha lenzi huku na huku. Nyuzi au matawi meupe ni kuvu, iache. Vumbi kidogo si hoja. Zungusha pete ya zumu karibu na sikio. Ukisikia mkwaruzo, mchanga wa pwani umeshaingia. Kisha omba upige picha ya kitu chenye maandishi madogo, uikuze kwenye kioo cha kamera, utazame pembe zote nne.

Hatua ya 3: Namba tatu, na kunguru 200

Kamera ina vitu vingi vya kurekebisha. Kwa mwezi wa kwanza shughulika na vitatu tu.

Kasi ya shata ndiyo inayomgandisha mnyama. Ndege aliyetulia anataka 1/500 ya sekunde, anayetembea 1/1000, anayeruka 1/2000. Ukishuka sana, lenzi ndefu itaonyesha hata mapigo ya moyo wako. Tundu la lenzi linafaa liwe kwenye namba ndogo kabisa lenzi yako inayoruhusu, mara nyingi f/5.6, mwanga utaingia wa kutosha na majani ya nyuma yatalainika. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iachie kamera iipandishe yenyewe, lakini iwekee kikomo cha 1600 au 3200. Picha yenye chengachenga bado ni picha. Iliyotikisika haina dawa.

Geuza gurudumu la juu hadi kwenye S kama ni Nikon, au Tv kama ni Canon, ili wewe uchague kasi na kamera ipange mengine; kwa kasi hizi mara nyingi italifungua tundu yenyewe hadi ile namba ndogo. Fokasi iwe ya nukta moja, ya katikati, na iwe ile inayomfuata mnyama anaposogea: Canon huiita AI Servo, Nikon huiita AF-C. Nukta hiyo uiweke kwenye jicho. Mkia ukiwa na ukungu, mtazamaji atasamehe. Jicho likiwa na ukungu, picha imekufa.

Sasa mazoezi. Toka nje umpige picha kunguru. Nawasema hawa wenye shingo ya kijivu, wenye asili ya Bara Hindi, waliojaa kila paa la mji huu. Wamewasumbua ndege wetu wa asili, wanakula mayai na makinda yao, na wengi wetu hatuwapendi. Ila kwa mwanafunzi wa kamera wana faida kubwa: wapo kutwa, hawaogopi watu, na wana akili, kwa hiyo daima wanafanya jambo. Piga kunguru 200 waliotua, mpaka ufikie kwamba kila picha kumi, nane zina jicho kali lenye nukta ya mwanga. Ndipo uanze wanaoruka.

Kwa anayeruka, panua miguu, bana viwiko kwenye mbavu, mdake ndege kwenye kioo akiwa bado mbali, kisha zungusha kiuno ukimfuata. Bonyeza ukiwa bado unazunguka, na usisimame mara baada ya kubonyeza. Wanaoanza karibu wote husimama pale, na ndege hutoka nje ya fremu akiwa amebaki nusu bawa. Ukitaka mwalimu wa pili, mtafute yule mdiria mweusi kwa mweupe. Huning'inia hewani mahali pamoja akipiga mbawa juu ya maji kabla ya kujitupa, anakupa sekunde kadhaa ambazo ndege wengine hawakupi.

Nyeupe na nyeusi

Hili nalitenga kwa sababu hapa pwani linakutana nawe kila siku. Kamera ikipima mwanga hudhani kila kitu mbele yake kina weupe na weusi wa wastani. Ukimpiga yangeyange mbele ya mikoko iliyokolea, kamera inaona giza limejaa, inaongeza mwanga, na yangeyange anatoka kama kipande cha karatasi nyeupe kisicho na unyoya hata mmoja. Manyoya yaliyoungua hivyo hayarudi kwa programu yoyote. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ukipeleke kwenye -1, na kama jua ni kali hata -1.7.

Kwa kunguru au mwewe aliye mbele ya anga ni kinyume chake: anga lina mwanga mwingi, kamera inapunguza, ndege anabaki kivuli. Peleka +1 au zaidi. Fanya hivyo kila unapogeuza kamera kutoka majini kwenda angani. Baada ya wiki chache kidole kitakuwa kinafanya chenyewe.

Hatua ya 4: Soma maji

Siku moja nilikuwa natembea kwenye tope upande wa Mishomoroni nikiwafuata kitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni wanaokimbia mbio fupi fupi. Nikisogea hatua tano, wao wanasogea sita. Mzee mmoja alikuwa ameketi chini ya mchu akishona wavu. Alinitazama kitambo kirefu, kisha akaniita.

"Mwanangu, wawafuatiani nyuni?"

Nikamwamkia, nikamwambia nataka kuwapiga picha wale ndege.

"Basi ndoo ukae kitako hapa. Maji yaja. Yakija, watakuja wenyewe."

Nikakaa. Kwa muda wa nusu saa hapakuwa na kitu. Maji yalianza kuingia kwenye vifereji vya tope bila sauti, yakaunganisha kidimbwi na kidimbwi, yakaanza kupanda. Na mbele ya ule ukingo wa maji, ndege wote waliokuwa mbali wakawa wanasukumwa taratibu kuja kwetu, huku wanakula. Walifika kama mita sita kutoka kwenye miguu yangu. Mmoja alitumbukiza mdomo mpaka machoni, akashika mnyoo, akaanza kuuvuta. Mnyoo ukarefuka, ukawa mwembamba kama uzi, naye akarudi nyuma hatua moja, akasita, akavuta tena kidogo kidogo ili usikatike, mpaka ukachomoka na kumpiga kifuani. Niliyaona hayo yote kupitia lenzi ya 300, na nina picha tisa za tukio hilo.

Sababu yake ni nyepesi. Maji yakiwa yamepwa, uwanja wa tope ni mpana na ndege wametawanyika mbali. Yakianza kujaa, uwanja unapungua, nao wanabanwa kuja ukingoni. Kwa hiyo unataka maji yanayojaa, na unayataka wakati jua liko chini, yaani kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni.

Hesabu yake iko hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunakuwa na bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana, na siku hizo Mombasa maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Siku nne au tano baadaye kujaa kumesogea hadi kati ya saa 1 na saa 2, asubuhi na jioni pia. Hiyo ndiyo siku yako: mapambazuko yanakukuta na maji yanayopanda, na jioni unapata bahati hiyo mara ya pili. Anayefuata kalenda ya mwezi wa Kiislamu ana kazi rahisi, kwani siku hizo huangukia karibu na tarehe 4 na 5, kisha tena karibu na tarehe 19 na 20. Hakikisha kwa jedwali la maji la Kilindini, au muulize mvuvi yeyote.

Siku za bamvua zenyewe usizipuuze. Maji ya saa 4 asubuhi hukauka hadi mbali, na vidimbwi vya mwambani vinabaki na nyota za bahari, kaa na pengine pweza mdogo. Jua ni kali saa hiyo, lakini ukisimama hivi kwamba kivuli chako kinafunika kidimbwi, mng'aro unaondoka na hata simu itaona chini. Usikanyage matumbawe. Na kumbuka sehemu ya bahari mbele ya Nyali na Bamburi imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986.

Jambo la pili la Tudor ni upande. Jua liwe mgongoni mwako. Asubuhi kaa ukingo wa mashariki, upande wa Mishomoroni, utazame magharibi. Jioni vuka uende Mikindani utazame mashariki. Nilipoteza asubuhi nyingi nikiwa Mikindani nikishindana na jua la machoni, mpaka siku niliyoichora ramani ya mkono huo kwenye daftari na kuweka mishale ya mwanga.

Jambo la tatu ni majira. Kuanzia Septemba hivi hadi Aprili mikono yetu ya bahari hupokea wageni, ndege wa ufukweni wanaozaliana Ulaya na Asia ya kaskazini, wengine hadi Siberia, na kuja kukaa huku baridi ya kwao inapozidi. Wakifika wana rangi ya kijivu isiyovutia. Ukiwarudia Machi na Aprili kabla hawajaondoka, baadhi yao wameshavaa manyoya mekundu kama matofali kwa ajili ya kuzaliana. Kaskazi pia inakupa anga safi na maji tulivu. Kusi inapovuma, tafuta mahali palipokingwa na mikoko, kwani upepo ule hutikisa lenzi hata ukiwa na stendi.

Hatua ya 5: Lala chini

Picha nyingi za wanaoanza zimepigwa kutoka kwenye urefu wa mtu aliyesimama. Mnyama anaonekana amebandikwa kwenye ardhi. Shuka mpaka lenzi iwe sawa na jicho lake, na hapohapo kitu cha nyuma kinasogea mbali na kuwa rangi tupu.

Jifunze hili kwa kaa. Chini ya mikoko, pale tope linapokuwa gumu kidogo, kuna wale kaa wadogo ambao dume ana gando moja kubwa kuliko mwili wake na jingine dogo la kulia chakula. Ukifika, uwanja mzima unakuwa mtupu. Wote wameingia mashimoni. Tandaza gunia la plastiki, lala kifudifudi, weka kamera juu ya mfuko wa mchele au mchanga, usitikisike. Dakika ya tano utaona vijicho viwili kwenye vijiti vikichungulia. Dakika ya kumi wametoka, na madume wameanza kupungia majike: gando linapanda juu, linasimama, linashuka, kila mmoja mbele ya shimo lake. Wanaogopa kivuli kuliko sauti, kwa hiyo ukisogeza mkono kurekebisha kofia, unaanza upya. Weka fokasi kwenye macho, subiri gando liwe juu kabisa, bonyeza mfululizo wa picha tatu au nne.

Vaa gambuti au viatu vya mpira vilivyofungwa vizuri. Chaza waliogandamana na mizizi hukata kama wembe. Jipake dawa ya mbu. Na kabla ya kujilaza angalia saa ya maji, kwa sababu yatakuja ukiwa umezama kwenye kamera.

Hatua ya 6: Haller Park na Nguuni

Ukishatulia na ndege na kaa, nenda Bamburi. Haller Park ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jangwa la matumbawe lisilo na mti. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje, akaleta jongoo wa kusaga majani yake yageuke udongo, na leo ni msitu. Kiboko mdogo aliyepoteza kundi lake karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004 aliletwa hapa, akaambatana na kobe mkubwa wa Aldabra aliyeitwa Mzee, na picha za wawili hao zikazunguka dunia nzima.

Kwa mwanafunzi, faida yake ni umbali. Twiga unaweza kumpiga uso peke yake, kope moja moja. Uliza langoni saa za kulisha wanyama, ila picha nzuri mara nyingi zinakuja baadaye, watu wanapoondoka. Chini ya miti mwanga ni haba na una madoadoa. Pandisha kikomo cha ISO hadi 3200 na utafute mnyama aliyesimama kivulini chote au juani kote. Tumbili na kima watakukaribia wenyewe. Usiwape chakula hata kipande cha ndizi. Aliyezoea kulishwa huishia kunyang'anya, na anayelipia kosa hilo ni yeye.

Nguuni iko kilomita chache kutoka hapo, ndani kidogo. Ni nyanda za wazi zenye mbuni, pofu, choroa na twiga, na ni mahali pa jioni. Mpige twiga jua likiwa nyuma yake, shusha mwanga hadi -1, upate umbo jeusi juu ya anga la rangi ya chungwa.

Shimba Hills uiweke mwisho

Ukivuka Likoni na kupanda Kwale unafika kwenye hifadhi iliyotangazwa mwaka 1968, na ndiyo mahali pekee nchini Kenya penye palahala wa porini, swala mkubwa. Dume ni mweusi, tumbo jeupe, pembe zimepinda nyuma kama jambia. Kumpiga picha nzuri ni mtihani wa yote uliyojifunza: mwili mweusi na uso wenye michirizi myeupe, asubuhi ya ukungu, mbali. Kuna ndovu pia, na msitu ni mzito, kwa hiyo usishuke garini isipokuwa mahali paliporuhusiwa. Malipo ya hifadhi za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hufanywa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Yamalize kabla ya kuondoka nyumbani.

Usiende huko mwezi wa kwanza. Jichangisheni watu wanne mkodi gari pamoja, mfike lango linapofunguliwa.

Heshima kwa mnyama na kwa wenyeji

Ndege akiacha kula na kuinua kichwa kukutazama, umefika mwisho wa ukaribu. Simama au rudi nyuma. Usisogelee kiota. Ukikaa hapo dakika kumi, mama anakaa nje dakika kumi, na kunguru wako juu wanatazama. Usichezeshe sauti ya ndege kwenye simu ili umvute. Ukibahatika kumkuta kasa akitaga usiku Nyali au Bamburi, zima tochi na usitumie mwanga wa kamera kabisa, picha hiyo iache.

Kwa watu, anza na salamu. Ukifika ufuo wa wavuvi, jitambulishe kwa watu wa BMU, kikundi kinachosimamia ufuo, eleza unachofanya, na ukiona mtu amekusaidia kwa muda wake mpe chochote. Usielekeze lenzi ndefu kwenye bandari, kivuko cha Likoni wala kambi ya wanamaji Mtongwe, hata kama ndege ametua huko. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya anga, KCAA, na ndani ya hifadhi inahitaji ruhusa ya KWS pia. Nenda wawili, na kamera ibebe kwenye begi la kawaida.

Ukirudi nyumbani: chumvi kwanza

Kabla ya kutazama picha, pangusa kamera na lenzi kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi, kisha kikavu. Kioo cha mbele kipulizie kwanza kwa kipulizio cha mpira. Ukikifuta kikiwa na mchanga unakichora. Lenzi usiibadilishe ufukweni.

Hifadhi vifaa kwenye ndoo au kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Waombe watu wa maduka ya viatu, wengi huvitupa. Usitumie mchele, vumbi lake huingia kwenye zumu. Na kama unalala kwenye chumba chenye kiyoyozi, usitoe kamera alfajiri ukaifungua nje papo hapo, kioo kitajaa umande. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa, izoee joto.

Kisha kaa uchague. Asubuhi moja itakupa picha 400. Pita mara ya kwanza ukifuta zote ambazo jicho si kali, bila huruma. Pita mara ya pili ukiacha zile ambazo mnyama anafanya jambo. Zitabaki kumi hivi. Chagua moja, na pembeni yake kwenye daftari andika kasi, saa, tarehe ya mwezi, hali ya maji na upande uliokaa. Andika pia picha moja uliyoikosa na sababu yake, kisha tazama kalenda uone maji yatajaa tena saa 1 na nusu asubuhi siku gani.